Siku Niliyokunywa Kago Langu Mwenyewe

Jamani, mkasa huu mtaani kwetu Ufukoni wameshausimulia mpaka wamechoka, na kila anayeusimulia anautia chumvi yake, kuna mmoja anaapa kabisa kwamba nilianguka nikatoa povu (uongo mtupu, sikuanguka, nilikimbia), kwa hiyo nimeona bora niusimulie mwenyewe, maana aibu ni yangu na mwenye aibu ndiye anayejua ilipoanzia. Nitasema yote. Hata ya chooni nitasema.

Kwanza mnijue. Mimi ni fundi cherehani, na kwa kushona sina wasiwasi, suruali nikiikata imekaa. Kitu nikisema nakiweza, nakiweza kweli. Ndiyo maana mke wangu Zainabu alipopata mimba yetu ya kwanza, na mama yake, Bi Somoe, akatuma salamu kutoka Mpapura kwamba anakuja kumchukua akajifungulie kwao, sikunyamaza. Najua ni desturi, mimba ya kwanza binti anarudi kwa mama yake, lakini wale wakichukua wamechukua, nina rafiki yangu mke wake alikwenda kujifungua akarudi na mtoto anayekimbiza kuku. Nikapanda pikipiki mpaka Mpapura, nikakaa chini kwa adabu, nikasema mama, nakuomba uniachie.

Bi Somoe alikuwa anamenya mihogo, hakuinua hata macho.

"Mjini huko kiangazi mnakula nini, nkwe wangu? Dagaa na ugali, ugali na dagaa. Ntoto wangu anataka mboga."

"Nitalima, mama."

"Utalima kwenye nchanga ule?"

"Nitalima."

Akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyezaliwa na jembe mkononi, akasema, "Haya. Nikija nikakuta mboga, Zainabu anabaki kwako. Nikikuta nchanga ntupu, naondoka naye siku hiyohiyo."

Basi nikalima. Nyuma ya nyumba tuna kiwanja kidogo cha mchanga mweupe, ukimwaga maji yanazama kabla hujaweka ndoo chini. Nikabeba samadi ya mbuzi kwa viroba, nikachanganya na majivu, nikatengeneza matuta na kuyafunika kwa makuti makavu ili jua lisinyonye unyevu wote. Maji ya kisima chetu yana chumvichumvi, mchicha ukiyanywa unakunja majani, kwa hiyo nilichota bombani alfajiri kabla sijafungua cherehani na jioni nikishaifunga, na mikono hii mnayoiona ilipata malengelenge ambayo mkasi haujawahi kunipa. Jua la mwezi wa kumi lilipowaka mpaka kuku wanapanua midomo kivulini, bustani yangu ilikuwa kijani kitupu: mchicha, bamia, matembele, nyanya chungu, na mstari mmoja wa nyanya nilizozifunga kwenye fito kwa vitambaa vilivyokatwa vizuri (fundi ni fundi). Watu walikuwa wanapita wanachungulia, na mimi najifanya siwaoni, kumbe nawahesabu.

Nyanya zikaanza kuiva, na zikaanza kupotea. Jioni naiona moja imeiva inang'aa, nasema hii kesho, nikirudi msikitini alfajiri haipo, kimebaki kikonyo. Kunguru hali hivyo, kunguru anadonoa na kuacha uchafu, huyu alikuwa mwizi mstaarabu. Niliwashuku watu wote. Nilimshuku hata jirani yangu Mama Hadija (Mungu anisamehe), mwanamke ambaye sahani yake ya futari haijawahi kunikosa. Na mkwe ndiyo huyo anakuja, na mboga za majani kila mtu anaweza, ila nyanya nyekundu kwenye mchanga wa Ufukoni ndizo zilikuwa ushahidi wangu.

Hapo ndipo nikafanya uamuzi mdogo tu. Nikasema nitaweka kago.

Kwetu huku hakuna asiyelijua kago, ile dawa inayotundikwa shambani, mwizi akila kilichomo humo tumbo linamvimba mpaka aje kuomba msamaha. Mimi si mtu wa waganga, naswali, na kwa kweli sikwenda kwa mganga yeyote. Nililitengeneza mwenyewe. Siku Zainabu alipokwenda kliniki nikamimina juisi ya choya, yale maua mekundu yanayochemshwa, kwenye chupa ya soda, ikawa nyekundu ya kutisha, nikatia manyoya ya kuku na kipande cha mkaa, nikaifunga shingoni uzi mwekundu na gamba la konokono wa baharini, halafu nikaona bado haina heshima, inahitaji kitambaa cheusi. Nikaokota kimoja chini ya cherehani nikaivika. Nikaitundika kwenye mti katikati ya nyanya, nikarudi nyuma kuitazama, na nawaambia ukweli, hata mimi niliyeitengeneza niliiogopa.

Sikumwambia mtu. Hata Zainabu sikumwambia, maana mke wangu akijua, Mama Hadija atajua, na Mama Hadija akijua, mwizi atakuwa wa tatu kujua.

Wizi ukakoma siku ileile. Nyanya zikaiva, zikakaa. Nilitembea mtaani nimetanua mabega. Kitu kimoja tu, Zainabu alinyamaza. Mwanamke aliyekuwa anaimba jikoni akawa hasemi, nikimwekea kachumbari anaisogeza pembeni, usiku nikimgusa tumbo nisikie mtoto anavyocheza anageukia ukutani. Nikasema ni mimba hiyo, mimba zina mambo yake. Nikaendelea kumwagilia.

Bi Somoe alisema atakuja Jumamosi, na mimi mpango wangu ulikuwa kulishusha kago Ijumaa jioni. Akaja Ijumaa mchana. Nimetoka swala ya Ijumaa, nimevaa kanzu yangu nyeupe niliyojishonea mwenyewe, naingia uani nakuta mkoba, nakuta kiroba cha ming'oko, vile viazi vya porini, na mama mkwe mwenyewe keshakunywa maji na keshasimama, ananiambia, "Nipeleke nikaone."

Ungefanyaje? Nikatangulia mbele mbio, nikafika kwenye nyanya kabla yake, nikasimama mbele ya ile chupa na kuitandaza kanzu yangu kwa mikono miwili kama pazia la mlango. Mama mkwe akapita kwenye mchicha, akashika jani. Akainama akachukua udongo, akaunusa. Akafika kwenye bamia, akasema, "Mh." (Ile "mh" ya Bi Somoe ni kama mwingine akupigie makofi.) Akasogea kulia kuziona nyanya, nami nikasogea kulia. Akasogea kushoto, nami kushoto.

"Nkwe wangu, unacheza ngoma?"

"Hapana mama, nakukinga na jua."

Akazitazama nyanya kupitia ubavuni mwangu, na nikauona uso ule ukilainika, nikajua nimeshinda, Zainabu anabaki. Nilikuwa nimeanza hata kutabasamu. Na hapo Mama Hadija akachungulia juu ya ua wa makuti, nyuma yangu, kuja kumpa mgeni pole ya safari. Mimi nilikuwa nimekinga pazia upande mmoja tu.

"Karibu dada, pole na sa..." akakoma. Kisha akasema polepole, "Fundi. Hiyo si nguo yangu?"

Nikageuka. Kile kitambaa cheusi nilichokiokota chini ya cherehani kilikuwa na nakshi ya fedha pembeni. Mtaa mzima ni baibui moja tu lililokuwa na nakshi ile, la Mama Hadija, aliloniletea nilipunguze urefu.

Sijui kama mnaelewa. Kipande cha nguo ya mtu, kimefungwa uzi mwekundu, juu ya chupa yenye kitu chekundu na manyoya. Mama Hadija hakuuliza mara mbili.

"Yarabi! Njooni jamani! Fundi kaniroga! Ndiyo maana mgongo hauniachi!"

Na saa ile ndiyo wanaume wanatoka msikitini. Waliingia na kanzu zao na tasbihi zao, wanawake wakaja na miko mikononi, matuta yangu ya matembele yakakanyagwa yote, na mimi katikati nasema sikilizeni, sikilizeni, hakuna anayesikiliza. Mwingine anasema hilo ni kago, nimeyaona Msimbati. Mwingine anasema kago gani lenye nguo ya mtu.

Ndipo nikasikia kilio ambacho hakikuwa cha Mama Hadija. Zainabu alikuwa amekaa chini kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, ameshika tumbo kwa mikono miwili, analia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Mama, mwizi ni mimi," alimwambia mama yake. "Nilikuwa nazitamani, nazila na chumvi alfajiri akienda kuswali. Niliona aibu kumwambia, alikuwa anakutunzia wewe. Halafu siku hiyo nikakuta ile chupa. Nimeshazila, mama. Mwanangu atapona?"

Watu wakageuka kumtazama, hata Mama Hadija. Siku zote zile ameugeukia ukuta akingoja tumbo limvimbe, amembeba mtoto wangu pamoja na hofu niliyoitengeneza mimi, na mimi namwagilia bamia. Niliumia, sitaficha.

Bi Somoe akaja akasimama mbele yangu. Hakupiga kelele.

"Kuna nini humo?"

"Choya, mama. Juisi ya choya tu, wallahi."

"Kama choya, kunywa."

Nikaifungua. Sasa kumbukeni, choya ile ilikaa juani tangu siku ile, na jua la kwetu mnalijua, na ndani kuna manyoya na mkaa. Ilitoa pumzi, fyuuu, na harufu ikaenda mpaka kwa watu waliosimama mlangoni. Lakini mke wangu alikuwa ananitazama. Nikasema bismillahi nikainywa yote, mpaka manyoya yakanigusa mdomo, nikajifuta kwa mkono wa kanzu nyeupe (doa lile halijatoka mpaka leo), nikainua chupa juu watu waone.

"Mmeona? Choya! Mimi mzima! Hakuna ka..."

Tumbo likanguruma. Si kuguna, lilinguruma, na watu wa nyuma walisikia. Nikakaza uso. Likanguruma tena na kugeuka, na mimi nikaiachia chupa, nikaikusanya kanzu mpaka magotini nikakimbilia chooni, nikipita katikati ya watu wazima niliotoka kuswali nao, na nyuma yangu sauti ikapaa, "Limenshika! Kago limenshika mwenyewe!"

Choo chetu ni cha mabati. Kila wanachosema nje unakisikia ndani, na kila kinachotokea ndani wanakisikia nje, na nje walikuwepo majirani, mswalihina mmoja anayenisomea dua, na mama mkwe wangu. Mama mkwe, jamani, mtu ambaye mbele yake huwa sikohoi. Nikatamani ardhi inimeze, ila mahali nilipokuwa dua hiyo si ya kuomba.

Nilichokisikia baadaye ndicho kilichoniokoa. Zainabu aliiokota chupa akainusa. Akainusa tena. Halafu akasema, machozi bado yapo kwenye sauti, "Hii ni choya yangu! Choya yangu niliyoitafuta kwenye jagi nikasema paka kaimwaga!" Na akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, akafuatia Mama Hadija, akafuatia mtaa wote, na mimi kule ndani nimejikunyata, jasho linanitoka, nikafurahi kuliko siku ya harusi yangu, maana sikuwa nimesikia kicheko kile tangu nilipotundika chupa.

Watu walipotawanyika, mlango wa bati ukagongwa taratibu.

"Baba," ilikuwa sauti ya Bi Somoe, "nimekuchemshia majani ya mpera. Nakuwekea hapa chini. Ukiweza, unyooshe nkono."

Nikanyoosha mkono. Nikanywa dawa ya mama mkwe chooni, nikamshukuru kwa heshima zote nikiwa nimechuchumaa. Akasema, "Kulima unaweza, nkwe wangu, nimeona kwa macho yangu. Kusema na nkeo ndiyo huwezi. Zainabu atajifungulia hapahapa. Na mie nabaki kuwaangalia wote wawili."

Na akabaki. Mtoto wetu wa kike sasa anakaa mwenyewe kwenye mkeka, na bibi yake bado yupo, matuta ameyapanga upya kwa mtindo wa Mpapura na mimi siruhusiwi kuyagusa, nachota maji tu. Mtaani naitwa Mganga Choya. Kazi sijakosa, nashukuru, ila mteja akileta nguo ya kupunguza hasogei, anakaa kwenye benchi mpaka nimalize na kuondoka na vipande vyake vyote, na Mama Hadija anainama kabisa kuchungulia chini ya cherehani.

Mimi nimeapa, chupa situndiki tena, hata ya mafuta. Na siku hizi nyanya ya kwanza kuiva kila alfajiri naichuma mwenyewe kabla sijakwenda kuswali, naiosha, naipeleka chumbani, na chumvi yake pembeni.