Nilikonda kwa Kidonge cha Presha

Mwaka ule niliokonda, kila mtu Kamachumu alikuwa daktari. Presha ninayo siku nyingi. Mwanangu anayekaa Buhembe alidai vidonge vya zahanati vimepitwa na wakati, akaniletea vingine vya bei, vya kumeza kimoja kila asubuhi. Presha ikatulia vizuri kabisa. Miezi ikapita, ndipo tumbo likaanza: kuharisha usiku na mchana, choo chenye mafuta juu, kile ambacho hata ukimwaga maji hakiondoki. Samahani kwa mnaokula. Magauni yote yakanipwaya.

Mke wa mwanangu mwingine, ninayeishi naye, akasema tatizo ni mafuta. Akaondoa samli kwenye maharage, kisha akanikataza parachichi. Msimu wa senene ulipofika, nyumba nzima ilinukia senene wa kukaanga, mimi nikawekewa ebitoke, ndizi zetu za kupika, za maji matupu, hata chumvi hakuna, eti kwa sababu ya presha. Nikazidi kukonda. Ukoo mzima ulikagua sahani yangu, na hakuna hata mmoja aliyekitilia shaka kile kidonge.

Na huku kwetu, mtu mzima akikonda na kuharisha, watu hawasubiri vipimo. Tulizika sana miaka ile ya ugonjwa, na macho hayajasahau. Nilipima virusi vya Ukimwi, sina. Nikapima tena, sina. Nilipomwambia wifi yangu, aliniitikia "haya" ile ya kumbembelezea mtoto, nikatamani kumrushia kikombe.

Kilichoniumiza hasa ni harusi ya jirani. Kwenye shughuli zetu mimi ni wa kumenya ndizi, tangu nilipoolewa. Wanawake wa jumuiya tunakaa duara na visu vyetu, mikono imejaa utomvu, umbea unatembea, na hapo ndipo mtu anajua yuko kwao. Siku hiyo nilikuwa sijamaliza hata ndizi ya kwanza, mwenyekiti wetu akanitoa kisu mkononi. "Dada, utachoka bure," akasema kwa upole. "Tusaidie kubabua majani kule motoni." Nilichoka lini mimi? Waliogopa nitajikata, damu yangu iingie kwenye ndizi zao. Nikababua majani ya mgomba peke yangu huku nalia kwa hasira, na moshi ukanisitiri.

Daktari mmoja wa Bukoba, binti mdogo tu, ndiye wa kwanza kuniuliza ninameza nini. Akakishika kile kidonge, akanieleza kwamba kuna watu, si wengi, ambao dawa ya aina hiyo huwaharibu utumbo. Chakula unakula, lakini utumbo haunyonyi mafuta wala nguvu yake, vinapita tu. Akanibadilishia dawa, akanionya nisije nikaacha za presha kwa kichwa changu. Tumbo likafunga. Taratibu nikarudi kwenye samli, nikarudi kwenye parachichi, na mwili nao ukarudi.

Basi nikaenda kwenye sherehe ya kipaimara nikiwa nimejaa gauni langu. Wifi yangu akanitazama juu hadi chini mbele ya duara zima. "Afadhali umekubali kuanza dozi ya virusi," akasema. "Imekupenda."

Yaani hata kupona kwangu kumekuwa ushahidi! Nikafungua mdomo niseme tena sina, na neno lenyewe likanichefua. Kwani ningekuwa navyo, ndizi zingekataa kumenyeka? Katika duara lile wamo wanaomeza hiyo dozi, wanalima na kulea wajukuu, na kila nilipopiga kelele kwamba mimi sina, walikuwa wananisikia.

"Haya, ni dozi," nikamjibu. "Sasa sogeeni nikae."

Mmoja alisogea. Wengine wawili wakakumbuka kwamba wana maji motoni.