Kopo Bila Nyongeza

Wauza sukari wa soko la Kasongo walimjua Madame Dorothée kwa mwendo wake. Akiwa bado upande wa wauza samaki, mmoja wao amekwisha kunong'ona, "Mwalimu huyo," na makopo yaliyobonyezwa kitako yanasukumwa chini ya meza, yanatolewa mazima. Wala hakuwa mgomvi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ndogo na kicheko cha karibu. Alichukua tu kopo, akaligeuza, akakitazama kitako chake kama muuguzi anayetazama goti la mtoto, kisha akauliza kwa upole, "Huyu alianguka wapi?" Watu walicheka, muuzaji naye akacheka, na sukari ikapimwa upya.

Ukali huo wa taratibu aliutoa Lusangi, machimboni alikozaliwa. Baba yake, Paluku, alikuwa ameshuka kutoka Lubero na sururu moja, akitafuta dhahabu ya mwaka mmoja tu, na akabaki mpaka nywele zikageuka mvi. Dorothée alipokuwa mdogo alipenda kufuatana naye kwa mnunuzi wa dhahabu. Mizani ilikuwa ndogo kama kitu cha kuchezea: upande huu unga wa dhahabu, upande ule njiti za kiberiti na sarafu kuukuu. Lakini kabla ya kupima, mnunuzi aliupuliza ule unga, ati aondoe mchanga. Alipuliza kwa mashavu yaliyojaa, juu ya kitambaa cheusi alichokitandika magotini, na kitambaa hicho hakuna aliyekikung'uta ila yeye mwenyewe. Paluku aliona. Wachimbaji wote waliona. Msichana alipouliza njiani, baba alijibu, "Ndivyo inavyofanywa," akabadilisha mazungumzo.

Jibu hilo ndilo lililomfanya mwalimu. Alikwenda kusomea ualimu Kindu, akarudi kufundisha mwaka wa sita katika shule ya msingi ya wamisionari hapa Kasongo, akiwa na nia moja: mtoto atakayepita mikononi mwake asije akajibu, au akajibiwa, kwamba ndivyo inavyofanywa.

Basi akaomba saa moja kila Jumatano, akaiita Biashara ya Haki. Watoto waliipenda kuliko mchezo wa mpira. Walileta makopo kutoka nyumbani, wakayajaza maji, wakayalinganisha, na siku hiyo familia kadhaa hazikulala kwa amani. Walihesabu nguvu za kazi zilizomo katika sabuni, katika mkate, katika fungu la sombe, majani yale ya muhogo. Walijifunza kuuliza maswali mabaya kwa heshima. Nao wazazi wakaanza kuja kwa Direkta, mkuu wa shule.

Direkta Zacharie hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye baiskeli nzuri na mabati mabovu juu ya darasa la tatu.

"Madame," alisema, "wazazi wanasema watoto wanakuja shuleni kujifunza kuuza karanga. Mwaka wa sita iko na mtihani wa serikali. Mimi ile saa nataka kuirudisha kwa imla."

"Direkta, si kuuza karanga. Ni kujua karanga inauzwa namna gani."

"Kwa mzazi ni kitu kimoja." Alikuna kidevu. "Sikia. Karanga za shamba la shule zimeiva. Watoto wako waziuze Jumamosi kwa hiyo haki yako. Zikiisha, tunanunua bati ya darasa la tatu, na mimi naonyesha wazazi: bati hii imetoka katika saa ya Madame. Saa inabaki yako. Gunia zikirudi, saa ni ya imla. Tumeelewana?"

Walielewana. Dorothée alitoka ofisini akijihesabu ameshinda. Nani Kasongo hali karanga?

Watoto walipanga bei wenyewe, kwa kelele nyingi. Waliweka mbegu ndani ya hesabu, wakaweka siku za kulima, wakaweka jembe lililovunjikia mikononi mwa Fadhili, mvulana mwenye viganja vipana kama sahani. Walichagua kopo zima, lisilo na kishimo. Bei ilitoka sawasawa na ya soko, wakapiga makofi. Ndipo Dorothée alipotoa sheria yake ya mwisho.

"Na hakuna nyongeza."

Sokoni Kasongo, ukishapimiwa kopo lako, muuzaji huchota tena kwa mkono na kukutilia kidogo juu. Hakuna anayeomba mara mbili na hakuna anayekataa.

"Madame, watatutukana," alisema Chadia, binti wa Papa Radjabu mwenye depo, ghala la mazao na bidhaa. Alikulia nyuma ya meza ya duka, na ulimi wake ulikuwa mkali kama wembe mpya.

"Kwa nini watutukane? Kopo ni kopo. Kinachopimwa ni haki. Katika kisichopimwa ndimo wizi unamojificha." Alikuwa akikiona kitambaa cheusi cha mnunuzi alipokuwa akisema. Watoto hawakukijua kitambaa, lakini walijua sauti ile haijadiliwi.

Jumamosi asubuhi walitandika mifuko mahali pazuri, karibu na njia ya wauza mchele. Mteja wa kwanza alikuwa Mama Aziza, mpika maandazi, mwanamke mzito mwenye utani unaosikika mpaka msikitini. Victoire, msichana mdogo kuliko wote darasani, alimpimia kopo likajaa, akalimimina katika beseni. Mama Aziza hakuondoa beseni. Alingoja. Victoire naye akangoja. Wakatazamana kama watu wawili waliokutana kwenye daraja jembamba.

"Mwanangu," alisema Mama Aziza, "umesahau kitu."

"Hapana, Mama. Kopo imejaa."

"Imejaa, nimeona, macho niko nayo. Nyongeza iko wapi?"

"Hatutoi, Mama. Ni biashara ya haki."

"Haki ya nani?"

Victoire alimgeukia mwalimu. Dorothée alisogea, akamweleza Mama Aziza kwa adabu zote kwamba bei imehesabiwa, kopo ni zima, hakuna anayemwibia mwenzake.

"Madame, mimi sikusema mutu ananiiba," Mama Aziza alijibu. "Mimi nasema hakuna mutu ananipenda hapa." Akainua beseni, akazirudisha karanga katika mfuko polepole, moja moja zilizobaki akizibandua kwa kidole. "Haki yenu mukule na chumvi."

Soko zima lilicheka. Habari zilikimbia mbele yake: watoto wa shule wanauza karanga kavu kavu, bila mkono. Wengine walikuja kuona tu. Mwendesha pikipiki mmoja alisimama, akauliza kama hata salamu zinalipiwa, akaondoka zake. Jua lilipanda, mifuko ikabaki imevimba.

Aliyevunja sheria alikuwa Fadhili. Mwanamke mmoja alimwita "baba yangu mdogo", naye akalainika, akazamisha kile kiganja chake kikubwa katika mfuko, akatoa karanga za kutosha kulisha nyumba. Baada ya muda mfupi mbele yake kulikuwa na mstari. Mbele ya Victoire hakukuwa na mtu, na mbele ya Chadia alikuwapo mlevi mmoja aliyekuwa akionja.

Dorothée aliuona mstari akaja mbio.

"Fadhili, unafanya nini?"

"Nauza, Madame."

"Unagawa. Huyu umempa mkono mzima, yule umempa nusu."

"Yule hakunisalimia vizuri."

"Unaona?" Aliwageukia wanafunzi wote. "Mnaona? Ndiyo sababu nilikataa. Mwenye maneno matamu anapata, mwenye haya anakosa. Wacha. Wote wacheni."

Mstari ukavunjika, na baadhi ya watu waliokuwa ndani yake walisema mambo yasiyofaa masikioni mwa watoto. Dorothée alisimama katikati ya mifuko. Kwa mbali aliiona baiskeli ya Direkta imeegemea kibanda cha fundi cherehani. Alikuwa ameanza mzunguko wake wa sokoni, bila haraka. Imla ilikuwa inakuja kwa magurudumu mawili.

Angeweza kusema toeni nyongeza, uzeni, tuokoe saa yetu. Neno lilikuwa kooni. Lakini kuokoa somo la haki kwa kufanya lile alilolikataza, kwa sababu tu linauza, hilo lilimshinda kulimeza. Akakaa juu ya gunia, kitu ambacho wanafunzi wake hawakuwahi kumwona akifanya.

Chadia alimsogelea.

"Madame, naweza kuuliza swali baya?"

"Uliza."

"Ile nyongeza ya Fadhili, ubaya wake ni kutoa, ao ni mikono?"

"Mikono namna gani?"

"Mikono haifanani. Fadhili iko na sepeto. Victoire iko na kijiko. Mutu anachagua mukono. Sasa kama mukono ni moja tu, kwa watu wote?"

Dorothée alimtazama. Kisha akaitazama mifuko. Alijiona tena yuko Lusangi, na kwa mara ya kwanza akajiuliza kama kilichomuudhi pale kilikuwa ni kitu kisichopimwa, ama ni kwamba kilitoka kila mara kwa mchimbaji, kwa siri, na hakikurudi kamwe. Mkono wa Kasongo ulitoka mchana, mbele ya macho ya watu, na aliyeutoa alijua anatoa.

"Hatukuihesabu katika bei," alisema, akiwa bado anabisha na nafsi yake.

"Tuihesabu sasa," alisema Chadia.

Walihesabu wamechuchumaa, kwa kijiti mchangani. Kiganja cha Fadhili kingelila bati lote. Cha Chadia kingebakiza misumari. Cha Victoire kilienea ndani ya bei waliyoipanga, bila kumpunja mkulima wala mnunuzi. Wakamwinua Victoire juu ya gunia, wengine wakapima makopo, na ikawa ni yeye peke yake anayetia mkono.

Mama Aziza alikuwa hajaenda mbali. Hakuwa mtu wa kukosa mwisho wa jambo. Alirudi na beseni lake, akapimiwa, kisha akaona kile kiganja kidogo kikishuka.

"Ati nini hii? Mukono ya panya?"

"Ndiyo mukono ya leo, Mama," alisema Chadia. "Moja kwa watu wote."

"Nipe ya yule mukubwa."

"Yule amefungiwa."

Fadhili aliinua viganja vyake vyote viwili juu, kama mtu aliyekamatwa. Mama Aziza alianza kucheka tumboni, kicheko kikapanda hadi mabegani.

"Basi nitie, panya wangu. Na kopo la pili nipimie. Niko na maandazi, siko na siku mbili."

Watu walirudi. Walikuja kwa karanga, na walikuja kwa Victoire. Kila mmoja alitaka kumjaribu kwa ujanja wake: huyu alimwita mkwe, yule alimlilia njaa, mwingine alijifanya kumtisha. Wote walipata mkono uleule. Jambo hilo liliwafurahisha kuliko ukarimu, kwa maana kila mtu alibaki kumwona mwenzake akishindwa.

Direkta Zacharie alifika mfuko mmoja ukiwa umebaki. Alinunua kopo likamiminwa katika kofia yake, akaisogeza mbele ya Victoire, kisha akaitazama nyongeza iliyotua ndani.

"Victoire, mimi ni nani?"

"Direkta wetu."

"Na mwisho wa mwaka nani anaweka sahihi kwenye karatasi yako ya matokeo?"

Victoire alifikiri. Alikiangalia kiganja chake, akakigeuza, kama anayetafuta nafasi zaidi ndani yake.

"Ni wewe, Direkta," alisema. "Lakini mukono ni hii."

Waliokuwa karibu walipasuka kwa kicheko. Direkta alitafuna karanga moja kwa muda mrefu kuliko karanga inavyohitaji.

"Madame," alisema mwishowe, "imla tutaweka Alhamisi."

Jumatano iliyofuata, juu ya darasa la tatu bati jipya likigongwa misumari, Dorothée aliingia darasani akiwa na somo lake tayari. Hakulifikia. Élysée, mvulana mpole ambaye baba yake analima mpunga upande wa Nyangwe, alikuwa ameinua kidole tangu maombi.

"Madame, Jumamosi sisi tuliuza, na sisi tulitoa nyongeza."

"Ndiyo."

"Baba yangu anapeleka mpunga kwa depo. Anapima ndoo, wanamwambia ongeza juu. Anaongeza. Kisha ananunua chumvi palepale na sabuni. Pale hawamuongezei kitu." Alimeza mate. "Sasa mukono ya baba iko wapi?"

Hakuna kitabu alichosoma Dorothée kule Kindu kilichokuwa na mstari wa kujibu hilo, na ndani ya kifua chake kulikuwa na furaha kubwa yenye hofu, kama ya mtu anayesikia mlango mzito ukianza kusogea.

"Depo gani?" aliuliza mtu nyuma.

Élysée aliinamisha kichwa. Chadia ndiye aliyejibu.

"Ya baba yangu." Alikuwa amekaza uso. "Nitamuuliza mimi. Madame, wewe usiseme umenituma."

"Sijakutuma, Chadia."

"Hivyo hivyo useme."

"Nitakwenda na wewe," alisema Élysée.

"Wewe atakufukuza. Kaa nje, mimi nikikuita uingie."

Hapo darasa zima liliingia katika shauri. Wengine walisema aanze na salamu ndefu, wengine alete kwanza habari za bati, Fadhili akasema afike na Victoire, kwa sababu hakuna mtu mzima anayeweza kumpigia Victoire kelele. Kengele ililia na hakuna aliyeinuka. Dorothée hakuwakatiza. Alisimama kando ya ubao, chaki mkononi, hajaandika neno.

"Mungojee kwanza akule," alisema Direkta Zacharie kutoka mlangoni, ambako haikujulikana amesimama tangu lini. "Radjabu mimi namujua."