Mashahidi Arobaini na Mmoja wa Nyanya ya Machibya

Machibya wa Usagara alikuwa na akili nyingi shambani, na breki chache mdomoni. Kwa miaka kumi alichagua nyanya kama mtu anayemchagulia mwanawe mchumba: hii nene lakini ngozi laini, ile ngumu lakini chachu. Mche uliompendeza aliufunga kitambaa chekundu, matunda yake hayaguswi mpaka yaive yalegee. Kisha alikamua mbegu kwenye kopo, akaziacha zichachuke siku tatu, akazianika juu ya kipande cha chandarua. Mkewe Suzana alikuwa na gauni moja jekundu. Sasa hana.

Kilichopatikana kilistahili gauni. Ilikuwa nyanya ndefu kidogo, ngozi yake ngumu, haipasuki ndani ya tenga hata wapakuaji wa soko la Mabatini walibwage namna gani. Mnyauko ulipofagia mashamba ya majirani, yake ilisimama wima. Akaiita Machibya Namba Moja. Namba Mbili haikuwapo, lakini jina lilikuwa na uzito.

Mtu mwingine angenyamaza. Machibya aliuza mbegu zake kwenye vikaratasi vya daftari, msimu baada ya msimu, kwa yeyote aliyemsifu, na asiyekuwa na hela akamsifu mara mbili alipewa bure. Msibani alikuwa nazo mfukoni. Marehemu akishazikwa tu, yeye alianza kueleza habari za ngozi ya nyanya.

Basi siku moja Agutu, muuza nyanya wa Mabatini aliyenunua kwake miaka mingi, alimwonyesha pakiti inayong'aa kutoka duka la pembejeo la Revocatus kule Igoma. Imeandikwa Revo Dhahabu. Mbele kuna picha ya Revocatus amevaa suti, amekumbatia nyanya kana kwamba ameizaa.

"Hii si ni ile yako, baba Mhoja?" Agutu aliuliza.

Machibya aliigeuza pakiti. Alimkumbuka Revocatus msibani kwa mzee Otuoma, akimsifu kuliko watu wote.

"Na nasikia ameomba haki serikalini," Agutu aliongeza. "Iwe yake kisheria. Ukitaka kuuza mbegu, unamwomba ruhusa."

"Mimi? Nimwombe Revo?"

"Na usisahau kumwamkia."

Usiku Machibya hakulala, lakini asubuhi aliinuka mshindi. Yeye si mgeni wa kesi. Miaka sita nyuma alishinda shauri la mpaka wa shamba kwa mashahidi kumi na mmoja, wazee watupu, kila mmoja akieleza tangu lini amemwona akilima pale. Hilo ndilo somo pekee la sheria alilowahi kupata, na alilishika vizuri mno: mwenye miaka mingi ndiye mwenye mali.

Akaanza kukusanya barua. Kila aliyewahi kununua mbegu aliandika amenunua mwaka gani, akatia sahihi, kisha Machibya akaipeleka kwa mtendaji wa kijiji igongwe muhuri, maana huku kwetu jambo lisilo na muhuri ni umbea. Jirani yake Paskazia alipoandika kwamba ameanza mwaka jana, Machibya aliirudisha karatasi kama mwalimu.

"Mwaka jana ni nini? Si ulinunua mwaka ule mtoto wako wa pili alipobatizwa?"

"Ile si ulinisukumizia tu, shemeji?"

"Ulilipa. Andika miaka minane."

Suzana alikuwa akichambua maharage. "Baba Mhoja, hao wa ofisi ya mbegu unaowapelekea barua, unasema wanalinda mbegu mpya. Sasa wewe mbona unahangaika kuizeesha?"

"Mama Mhoja, ulishawahi kuona kijana akiheshimiwa?"

Suzana akarudi kwenye maharage.

Faili lilifika barua arobaini na moja, pamoja na picha yake kwenye maonyesho ya Nane Nane, amesimama nyuma ya meza ya mbegu, miaka saba iliyopita. Akavaa koti, akaenda mjini kwenye ofisi ya mbegu. Ofisa aliyempokea aliitwa Gladness, binti mpole mwenye miwani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Nimekuletea kesi iliyokwisha kuiva."

Gladness alisoma barua zote. Machibya alimwangalia anavyozidi kunyong'onyea, akadhani ni huruma kwa Revocatus.

"Baba, hizi mbegu uliwauzia wewe mwenyewe?"

"Kwa mkono huu."

"Miaka tisa?"

"Kumi, ukimhesabu shemeji yangu wa Misungwi. Yeye hajui kuandika."

Gladness akavua miwani. "Sheria inalinda aina mpya, baba. Mwenyewe akiwa ameuza mbegu nchini zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuomba, hiyo si mpya tena. Haki haipati."

"Hata kama aliyeuza ni mimi niliyeitengeneza?"

"Hasa kama ni wewe."

Machibya aliangalia faili lake. Kila muhuri aliougongesha ulikuwa msumari, na nyundo aliishika mwenyewe.

"Basi ni ya Revo," alisema kwa sauti ndogo ambayo Usagara hawajawahi kuisikia.

"Yeye ameandika kwamba aliizalisha mwenyewe, na ameanza kuiuza Januari hii." Gladness alizipangilia zile barua taratibu. "Ombi lake limetangazwa, na mtu anaruhusiwa kulipinga kwa maandishi. Ukizirudisha hizi nyumbani, sijui nani mwingine atapinga. Ukiziacha, zitaonyesha nyanya ilikuwapo kabla yake; hatapata yeye, na wewe hutapata kamwe."

Machibya akasukuma faili mbele. "Zigonge muhuri wa kupokelewa," alisema. "Kila moja."

Miezi minne baadaye ombi la Revocatus lilikataliwa, na nyanya ikabaki ya kila mtu, kama ilivyokuwa kabla wanaume wawili hawajaigombania. Pakiti bado zinauzwa Igoma, na Machibya bado anauza vikaratasi vyake, wala hamwamkii mtu.

Nyuma ya jiko sasa kuna mche mpya, matunda mafupi, ngozi kama ya kiatu. Hii ndiyo Namba Mbili, naye ameapa hatamwonyesha mtu mpaka aiombee haki. Kiapo kilidumu wiki tatu. Kwenye msiba mwingine kwa akina Otuoma, Paskazia alisema, kwa sauti ya kusikika, kwamba zamani Machibya alijua nyanya.

Suzana aliuona mkono wa mumewe ukiingia mfukoni.

"Baba Mhoja."

"Mbegu tano tu," Machibya alinong'ona, huku akitafuta kalamu. "Na ataniandikia kwamba amepokea leo."

"Mtendaji yule pale, amekaa karibu na jeneza," Suzana alisema. "Mwahi kabla hajaondoka na muhuri wake."