Ziwa Nisilotaka Alivuke

Mwezi wa kumi na moja binti yangu alinipigia simu, akaniambia amepata chumba kikubwa kidogo pale Karagita, kando ya ziwa, karibu na shamba la maua anakofanya kazi, na shule ya mtoto pia ameipata. Shule zikifunguliwa Januari, mtoto aende akaishi naye. Akaniomba nimtayarishe polepole, maana mimi ndiye ninayejua kuongea naye. Nikamwambia sawa, nikarudi kwa maharagwe yangu.

Mtoto mwenyewe ni mjukuu wangu, msichana, na amebeba jina langu. Aliletwa kwangu hapa Rhonda, mtaa wa Nakuru, kabla hajajua kutembea vizuri, kwa sababu mama yake alikuwa akitoka kazini giza limeingia na hakuwa na mtu wa kumwachia. Mimi huuza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kwenye lango la ploti yetu ya vyumba vya kupanga. Jua likipungua tunakaa mlangoni, sinia katikati yetu, tunachambua maharagwe ya kesho. Vidole vyake ni vyepesi kuliko vyangu na macho yake hayaachi jiwe.

Mimi si mtu wa hadithi. Shule niliiacha nikiwa mdogo, kazi nikaanza mapema, na watu wa ploti wananijua kwa mdomo mkali. Lakini jioni ya simu ile nilishindwa kumwambia mtoto wazi kwamba ataondoka. Nikaona afadhali nizunguke. Nikamwambia palikuwa na msichana ambaye mama yake alikaa ng'ambo ya ziwa, na siku moja msichana akafunga chakula kwenye leso akaondoka kumtafuta. Nilikusudia afike jioni hiyo hiyo, halafu niseme, na wewe pia utaenda kwa mama yako.

Mtoto akaacha kuchambua. Akauliza kama alifika.

Nikafungua mdomo niseme alifika. Nikajisikia mwenyewe nikisema bado, kuna kitu kilimzuia njiani.

Kitu cha kwanza kilikuwa mvuke. Kule Menengai mvuke mweupe hutoka ardhini, na kila mtoto wa Nakuru anaujua. Mimi nikaupa mdomo. Nikasema ulikuwa ukimwita msichana kwa sauti ya mama yake, na kila alipoufuata alijikuta amerudi pale alipoanzia. Jioni ya pili nikaweka nyani mkubwa kama ng'ombe, amekaa katikati ya barabara, anawaambia wasafiri waache chakula ama waache jina. Msichana akaacha chakula, akaendelea na njaa. Halafu nikaweka lango, na langoni mzee asiye na macho. Mzee huyo alikuwa ananusa watu kichwani, na akisikia harufu ya nyumbani kwenu anakurudisha. Msichana alilala nje ya lango lile mpaka harufu ya kwao ikamtoka.

Sikujua nilikuwa na vitu kama hivyo kichwani. Vilikuja bila kuitwa, kama chawa. Mtoto alikuwa akiacha mchezo na wenzake, anakuja kuketi kabla sijatoa sinia, ananikumbusha tulipofika. Naona aibu kuandika kwamba nilifurahi. Nilikuwa nachochea githeri mchana huku nacheka peke yangu, nikifikiria jioni nitamtesa vipi yule msichana.

Binti yangu alipopiga simu Jumapili aliuliza kama nimeongea na mtoto. Nikamwambia tunaongea kila siku, na kweli tulikuwa tunaongea. Mtoto akaomba simu. Jioni iliyotangulia nilikuwa nimetia kiboko ndani ya ziwa, kwa hiyo akamuuliza mama yake kama kule kwao kuna viboko. Mama yake akacheka. Akasema wako, tena wengi, giza likiingia wanatoka ziwani kula nyasi, na juzi mmoja alipita karibu na nyumba. Alikuwa anamchangamsha mtoto tu, hakujua chochote. Mtoto akanirudishia simu bila kumuaga.

"Shosho, kumbe ni kweli," akasema.

Pale ningeweza kumwambia. Nikainamia sinia, nikatoa jiwe moja, nikalitupa.

Baada ya hapo nikakwama. Msichana wangu alikuwa ameshafika ukingoni mwa ziwa, na kwa haraka zangu za kuokoa jioni moja moja nilikuwa nimeziba kila njia. Mashua niliizamisha mwenyewe. Wavuvi niliwageuza mawe. Ndege aliyekuwa anabeba watu mgongoni nilimvunja bawa. Sasa nisipoweka kitu kipya, atavuka tu. Akivuka amemfikia mama yake, na hadithi inageuka inakuwa yetu. Nikatafuta. Kichwa kilikuwa kikavu kama bomba la ploti mwezi wa pili. Kanisani pasta alihubiri, mimi nikawa nasikiliza kama atamtaja mnyama. Nikifunika sufuria natafuta, nikiosha vikombe natafuta.

Nikafikia mahali nikaenda kuomba. Nilimuuliza mama wa makaa, jirani yangu wa pale langoni, ni kitu gani kinaweza kumzuia mtu ambaye karibu amefika. Nikamdanganya kwamba ni hadithi ya watoto wa kanisa.

"Weka kanjo, mathe," akasema. "Kwa hao hata malaika hapiti bila kutoa kitu."

Wanawake waliokuwa wananunua makaa wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa naipima. Na jioni, Mungu anisamehe, niliweka kanjo, askari wa kaunti, mwenye rungu ukingoni mwa ziwa, anauliza leseni ya kuvuka. Mtoto akaniangalia kama unavyoangalia mtu mgonjwa. Akasema kanjo hakai kwa ziwa, anakaa mjini. Nikamtoa. Nikasema basi msichana alipata homa. Akanikumbusha kwamba jana nilisema baridi imemwingia, na hiyo ni kitu kimoja. Nikaendelea kuchambua.

Alinihurumia. Nadhani aliona nimekosa cha kuweka, akataka kunisaidia, kama anavyonishikia sufuria nikiwa nazo mbili.

"Labda mama yake hamtaki," akasema. "Weka hiyo."

Sikusema ndiyo, na la sikusema. Mtoto huyo nimemlea mimi, na anajua katika nyumba yangu kimya changu ni kukubali. Akarudi kwa maharagwe. Jioni hiyo hakuuliza kitu kingine, na mimi nilishukuru kwamba kizuizi cha kesho nimekipata.

Binti yangu alikuja Jumamosi moja ya Desemba, kabla ya Krismasi, mapema kuliko nilivyotegemea. Alikuwa amenunua sweta ya shule, ya kijani, pana, ya mtoto kukulia ndani yake. Alitaka mtoto aondoke naye siku hiyo hiyo, azoee mahali kabla shule hazijafunguliwa. Mtoto alikuwa amesimama nyuma ya pipa la maji.

"Kuja mami, kuja tujaribu," mama yake akamwita.

Mtoto akasema haendi. Mama yake akadhani ni haya ya watoto, akamuuliza kwa mzaha ni nani amemfunga kamba. Basi akaambiwa. Mtoto alivitaja vyote kwa mpangilio kama mtu anayesema mstari wa Biblia mbele ya kanisa. Alianza na mvuke, akaja nyani, lango na mzee anayenusa, mashua iliyozama, na kiboko ambaye hata wewe mama ulisema yuko. Mwisho akasema kwamba hata msichana akivuka ni bure, maana mama wa ng'ambo hamtaki.

Binti yangu alikalia ndoo iliyogeuzwa, sweta ikiwa mapajani. Akaniuliza hilo la mwisho limetoka kwa nani.

Ningeweza kusema mtoto alilitoa mwenyewe, na ingekuwa kweli. Maneno yalikuwa tayari mdomoni.

"Alilisema yeye, mimi nikamwacha aamini," nikasema. Halafu nikamgeukia mtoto, kwa sababu ndiye niliyemkosea zaidi. "Hakuna lango. Hakuna mzee. Mama yako anakutaka, amekutaka tangu zamani. Hayo yote niliyaweka mimi, sikutaka uende."

Mtoto akafikiri. "Hata kiboko?"

"Kiboko yuko. Ukimwona kaa mbali naye."

Nilingoja binti yangu apige kelele. Kelele najua kuzijibu. Badala yake akamwambia mtoto amsimulie hadithi yote kutoka mwanzo, asiruke kitu. Mtoto akasimulia, kwanza akiwa nyuma ya pipa, halafu kando ya pipa. Pale kwa nyani nilimwona binti yangu akitabasamu kidogo, bila kutaka. Ilipoisha hakuniangalia. Alikuwa anaukunja ukosi wa ile sweta na kuukunjua.

"Mimi hukuwahi kunisimulia hata moja," akasema.

Ni kweli. Alipokuwa na umri wa mtoto huyu mimi nilikuwa kiwandani, nafagia manyoya ya blanketi, narudi kifua kimejaa vumbi, na alichosikia kutoka kwangu kilikuwa osha, fagia, lala.

Mtoto akataka kujua sasa hadithi itamaliziwa na nani, maana msichana bado amesimama ukingoni mwa ziwa. Wote wawili wakaniangalia. Nikajaribu. Nikatafuta mashua nyingine, daraja, hata malaika. Sikupata kitu. Kichwa kilichokuwa na mazimwi yote hayo hakikuwa na njia moja ya kumfikisha mtoto kwa mama yake.

"Alizunguka," binti yangu akasema. "Ziwa lina pembeni, si alipita pembeni? Akafika. Mama yake hakuwa nyumbani, alikuwa shifti. Lakini aliacha ufunguo kwa jirani, na chakula kiko kwa sufuria, kimefunikwa."

"Chakula gani?" mtoto akauliza.

"Ndengu."

"Na huyo jirani ni mtu wa aina gani?"

Akamwambia ni mama fulani mwenye maneno mengi ila hana ubaya, na ana mtoto wa darasa lake. Mtoto akauliza kitanda kiko upande gani. Akauliza kama taa huachwa ikiwaka. Kila alipouliza alisogea, mpaka nikaona mkono wake umeingia ndani ya ile sweta, kisha wa pili. Mimi nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka kwao, na hakuna hata swali moja lililokuwa langu.

Halafu binti yangu akasimama, akaniuliza nguo za mtoto ziko wapi apakie.

Nguo zilikuwa kwenye beseni nyuma ya nyumba. Asubuhi ile, alipopiga simu kuniambia yuko njiani, nilichukua nguo zote za mtoto nikaziloweka. Zilizokuwa chafu na zilizokuwa safi, hata rinda la kanisa lililokuwa limepigwa pasi. Mtoto aliniuliza kwa nini ninafua nguo safi, nikamwambia aende akacheze.

Nilitangulia tu, yeye akanifuata. Akasimama juu ya beseni, akaliona lile rinda linaelea, alama ya pasi bado inaonekana kwenye mikono yake. Nikamsikia akivuta pumzi. Akapandisha mikono ya blauzi, akachukua upande mmoja wa rinda, mimi nikashika wa pili, tukakamua. Tulikamua moja baada ya nyingine mpaka beseni likabaki na maji matupu.

"Zitakaukia kule," akasema mwishoni. "Kuna upepo."

Akazipanga ndani ya ndoo. Pale langoni wakapanda pikipiki ya boda kwenda steji ya matatu, mtoto katikati, mama yake nyuma ameikumbatia ndoo, sketi yake ishaanza kulowa. Mtoto alinipungia mkono mara moja. Kitu kikavu pekee alichokuwa nacho cha kuanzia maisha mapya kilikuwa ile sweta ya shule, na alikuwa ameivaa kwenye jua kali.