Simu Yangu Iliposhika Juu ya Jabali

Nichekeni, lakini mnisikilize kwanza. Nilikuwa dalali wa almasi pale Maganzo, na wiki ile nilikuwa nimehamia kampuni mpya ya simu. Ile ya zamani ilishika mtandao hata chooni. Sijui nilirogwa na nani. Mzee Masanja akanikabidhi jiwe lake nimtafutie mnunuzi. Nikalitia mfukoni, nikamwomba asubiri mgahawani nimpigie tajiri wa Mwanza.

Simu ikagoma. Nikazunguka soko zima nimeinua mkono, jasho linanitoka, kwa maana tajiri alikuwa anasafiri mchana ule ule. Mwisho nikapanda jabali lililo nyuma ya mgahawa. Huko ikashika, ila kwa kukatakata.

"Sikusikii!" tajiri akasema. Nikapaza sauti.

"Rudia!"

Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Jiwe ni safi kabisa! Mwenyewe hajui! Nitamwambia lina ufa!"

Soko zima likageuka kunitazama. Nikatazama chini. Mzee Masanja alikuwa amesimama, amekinga kiganja.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Shuka polepole, mwanangu, usije ukaliangusha. Si lina ufa?"