Zamu ya Kompyuta Kuukuu

Mke wangu alistaafu uuguzi kwenye makaratasi tu. Miguu yake haikupata barua. Kwa miaka thelathini na mmoja aliizunguka wodi ya wanaume, wagonjwa wakamwita Sista Dakika, kwa sababu dawa ya saa nne kwake hainywewi saa nne na dakika mbili. Wiki moja baada ya kuagwa alikuwa ameshapanga upya kabati zote na kufua mapazia yaliyokuwa safi. Mimi nilikuwa karani wa bohari, nikastaafu miaka sita kabla yake kwa nia moja tu ya kukaa. Nikageuzwa mgonjwa. Presha asubuhi, presha mchana, presha jioni, na zote zinaandikwa daftarini. Nikikohoa, anatazama saa.

"Mama, mimi mzima," nilimwambia.

"Wagonjwa wote husema hivyo."

Sitaficha, nilikuwa na kinyongo. Zamu ziliila ndoa yetu. Nilikula peke yangu, nikakesha na watoto wetu wenye homa, naye yuko kwa waume za watu akiwapima joto. Nilijipa moyo kwamba akistaafu atakuwa wangu. Akarudi kweli, lakini hakai. Yeye na kiti ni maji na mafuta.

Ndipo chuo cha wauguzi kikapiga simu. Walitaka mtu mzoefu wa kufundisha mwaka wa kwanza kwa kompyuta, akiwa nyumbani, kuanzia Jumatatu iliyofuata saa tatu asubuhi. Kipindi cha kwanza kilikuwa cha majaribio: asipoonekana kwenye kioo saa tatu kamili, nafasi anapewa anayefuata kwenye orodha. Alipoweka simu chini, uso wake ulikuwa wa yule msichana niliyemwoa. Mimi nikatoka nje kumwagilia maua ambayo hayakuwa na kiu.

Kompyuta tuliyokuwa nayo aliiacha binti yetu alipoolewa. Ina miaka kumi na miwili, betri yake ilishakufa, inaishi kwa waya wa ukutani. Ukiiwasha, unaweza kwenda sokoni ukarudi ukaikuta bado inajifikiria. Programu ya kufundishia ilipojaribiwa humo ikagoma. Fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili hata hakuifungua.

"Hii ya kuzika, mama. La kuvunda halina ubani."

"Umempima?" mke wangu akamuuliza.

"Nani?"

"Umesema amekufa. Nauliza kama umempima."

Akaibeba akarudi nayo kwapani. Jioni hiyohiyo akampigia binti wa kaka yake, ambaye huandika programu za kompyuta katika mji mwingine.

"Shangazi, mashine yako haina ugonjwa," yule binti alisema. "Imevalishwa koti zito kuliko mwili wake. Tutaivua, tuivalishe jepesi. Koti ni mfumo wa kuiendeshea; hili jepesi linaitwa Linux. Limeshonwa na watu wengi wa huku na huko, wakaliacha wazi, kila mtu alitumie bure, na anayejua alitie kiraka."

"Rahisi ghali," nilinong'ona.

Flashi yenye hiyo Linux ilifika Ijumaa kwa basi, imefungwa ndani ya soksi ya mtoto. Jumamosi asubuhi mke wangu alitandika kitambaa cheupe mezani, akanawa mikono mpaka viwiko, Mungu ni shahidi, akafungua ukurasa mpya wa daftari. Maandalio yake ya masomo alikuwa ameshayahamishia kwenye flashi nyingine, kwa sababu mfumo mpya ungefuta kila kitu. Akaanza kuandika kama yuko wodini: *Saa nne na dakika tano, amewashwa, kitufe cha F12 kinabonyezwa mfululizo. Saa nne na tisa, flashi imesomwa. Saa nne na ishirini, usakinishaji umeanza.*

Kisha akaanza kuzunguka meza. Asilimia kumi, anazunguka. Asilimia thelathini, anaweka kiganja kwenye tundu la feni: "Anapumua." Ilipofika sitini ikasimama dakika kumi na mbili nzima, na mimi kizunguzungu kikanianza kwa kumtazama tu. Akapiga simu kwa sauti ya wazi.

"Shangazi, usiiguse. Iko kazini. Ombi langu ni moja tu, isikatike umeme kabla haijamaliza."

Nilisikia. Ninasisitiza hilo kwa sababu baadaye nilijifanya kiziwi.

Saa tano na dakika ishirini na mbili wingu likatanda. "Nakuachia zamu," akasema. "Naanua nguo."

Nikaketi mbele ya ile mashine. Themanini. Nikaona Jumatatu zote zilizobaki za maisha yangu zikiwa zimechukuliwa, kisha Jumanne nazo, kisha mlango umefungwa na mimi naambiwa nikohoe taratibu, kuna kipindi. Themanini na moja. Simu yangu ilikuwa inataka chaji. Soketi ipo chumbani, ipo jikoni, ipo karibu na redio. Nikachomoa plagi ya kompyuta. Kioo kikazima bila hata kuguna.

"Nilitaka kuchaji simu," nilimwambia alipoingia na kapu la nguo. "Nikasahau. Ilikuwa themanini na moja."

Hakugomba. Alirudisha waya, akawasha. Kioo kilikuwa cheusi, na pembeni kistari kidogo kikipepesa. Mfumo wa zamani haupo, mpya haujafika. Akaandika mstari mmoja, akafunga daftari, akakunja kitambaa.

"Basi. Labda nimechoka kweli."

Akaenda kukaa kwenye kiti cha dirishani, mikono mapajani. Alikaa mpaka jioni. Presha yangu haikupimwa. Jumapili asubuhi akarudi kwenye kiti kilekile.

Nilichokililia miaka thelathini na mmoja nilikuwa nimekipata, mke aliyekaa, na chai nikaiacha ipoe mezani. Sasa kiguu na njia nikawa mimi. Natoka uani, narudi, nafungua redio, nazima. Nikakohoa kwa makusudi mara mbili. Hakutazama saa. Hapo niliogopa.

Mchana alipojilaza, nilifungua daftari. Aliwahi kunieleza kwamba muuguzi huandika kwa ajili ya yule anayeingia zamu bila kujua lolote, ili mgonjwa asife kwa ujinga wake. Ndivyo alivyoandika: kitufe gani, mara ngapi, chagua mstari wa pili, usiguse chochote. Mtu kama mimi angeweza kufuata. Nikashuka na mistari mpaka ule wa mwisho:

*Saa tano na dakika ishirini na sita. Asilimia themanini na moja. Umeme umekatwa na mume. Hakukusudia.*

Ni heri angenitukana.

Nikachomeka flashi. Nikatandika na kile kitambaa, hata sijui kwa nini. Nikaandika kwa mwandiko wangu wa bohari: *Saa nane na dakika kumi, amewashwa na mume.* Kisha nikachuchumaa ukutani nikaishika plagi kwa mkono, nisije nikapitiwa na shetani mara ya pili. Ilipofika sitini ikasimama, kama jana yake. Nikawa naisemesha: twende, baba, twende. Mke wangu akanikuta hapo.

"Unafanya nini?"

"Niko zamu."

Akaenda jikoni, akaniletea kigoda. "Magoti yako hayo," akasema, akaenda kuweka kiganja kwenye tundu la feni.

Saa kumi ikamaliza. Alipoiwasha upya, ilifunguka kabla sijanyooka mgongo. Ila haikuiona intaneti ya nyumbani. Binti wa kaka yake akasema kuna kipande cha programu kinakosekana, tuunganishe simu kwa waya, kompyuta iazime intaneti ya simu mpaka ikipakue. Simu iliyokuwa karibu ilikuwa yangu.

"Mchangia damu amepatikana," mke wangu akasema. Hakucheka, lakini alisema.

Jumatatu saa tatu kasoro dakika tano alikuwa mezani na gauni lake jeupe la kazi, chini amevaa kandambili. Mimi nilitumwa jikoni. Saa tatu kamili nikasikia sauti za vijana wakimwamkia, na sauti yake ikajibu, ile ya wodini ambayo sikuwahi kuisikia ikiwa kazini. Nilijua jina lake la huko, sikujua kazi yake. Aliwafundisha kuandika faili la mgonjwa.

"Kosa halifutwi kwa raba," alisema, "wala halipakwi wino mweupe. Unapiga mstari mmoja juu yake, lililoandikwa lisomeke. Pembeni unaandika la kweli. Unatia sahihi."

Daftari lilikuwa mbele yangu, karibu na kikombe. Nikachukua kalamu. Nikapiga mstari mmoja juu ya *Hakukusudia*. Pembeni nikaandika *Nilikusudia*, nikatia sahihi.

Saa nne alitoka anacheka, anasema wamempa na Jumatatu ijayo, na Alhamisi. Akaliona daftari. Akalisoma amesimama. Kicheko kikakatika.

Alileta mashine ya presha, akanifunga mkononi, akabana mpaka nikauma meno. Akasoma, akaandika tarakimu. Kisha akaligeuza daftari upande wangu, akanipa kalamu, akaweka kidole pale kwenye sahihi yangu.

"Hujaandika saa," alisema.