Kofia Iliyorudi Wima

Mtaani wananiita Mwanakuu Moto, nami sikatai. Hasira nilizaliwa nazo, na mwaka ule wa mvua ya El Nino zilinipanda mpaka utosini kwa sababu ya helmeti ya baiskeli.

Kazi yangu ni kushona kofia, zile za mkono, za vitobo. Moja hunichukua miezi, macho yanauma na vidole vimejaa alama za sindano. Mume wangu, Maalim Jamaldin, husomesha watoto Kurani. Asubuhi yuko chuoni hapa Mji wa Kale, na alasiri hupanda baiskeli akaenda Kizingo kwenye majumba makubwa, kusomesha watoto ambao hata dukani hawafiki bila gari. Haya, wao wana magari. Maalim ana baiskeli nyeusi, kanzu, na kofia niliyomshonea kabla hajanioa. Kofia ile naifua mwenyewe, naitia wanga, naivisha faroma, lile gogo la mti linaloshika umbo la kofia mpaka ikauke. Ikitoka hapo husimama wima yenyewe.

Ndugu yangu Khubaib pia nilimshonea. Mwaka wa tisini na moja alikuwa akirudi kutoka Mbaraki kwa baiskeli, lori likampita karibu mno, akaanguka, kichwa kikapiga ukingo wa barabara. Basi. Hakuvunjika mkono wala mguu. Walioniletea habari waliniletea na kofia yake. Iliruka kabla yeye hajafika chini, ikaokotwa safi, haina hata tone la damu. Niliishona mimi, nikaipokea mimi. Kwa hivyo mtu asinieleze habari za ukali.

Sasa mvua zile ziligeuza barabara zote kuwa mashimo, na mashimo yenyewe huyaoni, yamefunikwa na maji. Bwana Zein, baba wa wanafunzi wa Kizingo, akamhurumia Maalim, akampa helmeti nyekundu, ngumu, ina mkanda wa kufunga kidevuni. Ilipoingia nyumbani kwangu niliipokea kwa mikono miwili, nikaifukiza udi. Ndiyo, udi! Cheka ukitaka.

Ila kofia ya wanga na helmeti haziingii kichwa kimoja. Ilibidi Maalim avue kofia, aikunje, aitie mfukoni, kisha akifika kwa watu aivae tena. Na kofia ya wanga ukiikunja umbo lake limekwenda. Nikamwambia, "Babake Ummukulthum, ikunje tu. Mimi nitaifua kila siku." Mimi huyu, ambaye mtoto akishika kofia kwa mkono wenye mafuta, nyumba nzima haikaliki!

Siku ya kwanza alipotoka nayo, akapita kwenye baraza la konani. Hapo hukaa Abdulhalim, aliyekuwa karani bandarini, siku hizi kazi yake ni kahawa na domo.

"Yakhe, tazameni! Maalim kajifunika bakuli! Maalim, na uji uko wapi?"

Wenzake wakacheka mpaka kahawa ikawapalia. Kabla ya magharibi watoto wa chuoni walikuwa wakiimba Maalim Bakuli, Maalim Bakuli, wakipiga makofi. Mtu aliyewafundisha alifu na be hata baba zao! Jamaldin akarudi nyumbani, akaitundika helmeti msumarini.

"Mwalimu ni heshima yake, bibi," aliniambia. "Ikiondoka, nani ataniletea mwanawe?"

"Na kichwa kikiondoka?"

Akashusha pumzi. "Sawa. Nitavaa."

Nami, mjinga, nikamwamini. Kila alasiri alitoka na helmeti ikining'inia kwenye usukani, akisema ataivaa akishapita baraza. Mpaka siku moja akaingia anachechemea, kanzu imetapakaa matope ubavu mzima.

"Nimeteleza kidogo," alisema. "Alhamdulillahi, helmeti ilikuwa kichwani."

Nikanyoosha mkono. "Lete kofia."

Akanipa. Ilikuwa wima. Haina mkunjo hata mmoja, wanga wote upo, na upande wa sikio ina tope. Nikaigusa helmeti: nje ina tope, ndani kavu kabisa, haina hata jasho.

Wallahi niliona giza. Kofia ya Khubaib nayo ilirudi hivi hivi, wima, mkononi mwangu. Na huyu hapa ananidanganya, mimi, kwa kofia niliyoishona mwenyewe! Nikaichukua helmeti nikaivaa juu ya buibui, nikafunga mkanda.

"Wewe Mwanakuu, umepata wazimu?"

"Ndiyo!" nikasema, nikatoka.

Barazani walikuwa wamejaa, wanasubiri adhana. Nilivyotokea, gumzo likakatika.

"Masalkheri, Bwana Abdulhalim."

"Masalkheri, mama," akajibu, macho yamemtoka.

"Cheka."

Hakucheka.

"Cheka, bwana! Si bakuli hili? Mbona leo mmemeza ndimi? Siku ile ya Khubaib, nani aliyebisha mlangoni kwangu na kofia yake? Si wewe? Ulikuwa unatetemeka hata kusema huwezi. Leo mume wangu ameangukia sikio kwa sababu ya mdomo wako. Siku akifa, ni wewe tena utakayeniletea kofia?"

Abdulhalim akaweka kikombe chini.

"Sikulifikiria hivyo, dada."

"Basi lifikirie!"

Nikageuka. Jamaldin alikuwa amenifuata, amesimama konani kichwa wazi, tope shavuni. Hasira zangu zote nikamhamishia yeye, mbele ya watu wote.

"Na wewe! Heshima, heshima! Ukifa nitabaki mjane wa mtu mwenye heshima, sivyo? Nitamlaza nayo Ummukulthum? Ataiita baba?"

Alinifungua mkanda kidevuni, taratibu, akaichukua helmeti, tukarudi nyumbani.

Kesho yake alasiri mvua ikamwagika tena. Alitoka sijamuaga, nilikuwa bado nimenuna. Nikakaa dirishani na sindano, sikushona hata kitobo kimoja. Kila kengele ya baiskeli ikilia uchochoroni, roho yanipaa. Magharibi ilikuwa imekaribia aliposukuma mlango. Helmeti ilikuwa kichwani inachuruzika maji. Baadaye nilisikia kwamba alipita nayo barazani, na hapakuwa na aliyefungua mdomo.

Akatia mkono mfukoni, akanipa kofia. Imekunjwa na kukunjwa tena, imelowa chepechepe, wanga umekwisha, mshono mmoja umefumuka.

"Tazama ulivyoiharibu!" nilimpigia kelele. "Huna huruma na mkono wa mtu?"

Nikaikumbatia kifuani nikalia mpaka nikashindwa kusema. Kisha nikaifua, nikaitia wanga, nikaivisha faroma, ikauke aende akaiharibu tena kesho.